Kijiti chenye Pamba

Mwanamke aliyeingia dukani kwangu mwezi uliopita kununua maziwa lala, yale ya kuganda, hakunijua, na hilo liliniuma kidogo, kwa sababu mimi ni mtu wa kujulikana. Kutoka Sigowet mpaka Chepilat ukiuliza Langat wa maziwa hutaonyeshwa nyumba ya mtu mwingine. Nina malori mawili yenye matangi ya kupoza, nina duka hili la Kericho lenye vigae mpaka darini, na vyote nimevipata kwa elimu ya darasa la sita, ambalo lenyewe sikulimaliza vizuri. Sasa mama huyu, umri umeenda, amevaa sweta ya kijani na raba, akanyoosha mkono kupokea pakiti yake, na mimi nikautambua mkono kabla ya uso. Mkono mrefu, mwembamba, kucha zimekatwa mpaka karibu na nyama. Nikamwita Sista Akinyi. Akainua macho. Nikamtajia hospitali, nikamtajia wodi, nikamwambia mimi ndiye yule mwanamume aliyemfuata yeye na kijiti chake mpaka maabara. Akacheka kwa adabu, akasema wanaume wamemfuata na mambo mengi, sasa amestaafu, wote wamechanganyika kichwani. Kisha akauliza kama lala ni ya leo. Nikasema ni ya leo. Akaifungua palepale mbele yangu, akainusa, ndipo akaondoka. Hapo nilimheshimu upya, kwa sababu hata mimi ningenusa.

Usiku sikueleza mtu nyumbani, lakini tangu siku hiyo ule mwaka umekataa kuondoka. Watu wakinipa maikrofoni kwenye harambee huwa naeleza jinsi nilivyoanza na pikipiki moja ya mkopo na mitungi miwili ya alumini, na vijana wanapiga makofi. Huo mwaka mwingine siuelezi. Ulianza na kaburi dogo nyuma ya mahindi ya mama yangu, ukaishia kwenye wodi ya wazazi, na katikati yake mimi sikumwamini mtu yeyote aliyekuwa na pumzi. Sisemi hivi kwa kujilaumu. Mtu wa maziwa asiye na shaka hadumu wiki mbili. Nasema tu kwamba huo ndio mwaka nilioshuku kuliko miaka yote, na nikitaka kuandika maisha yangu nikauruka, nitakuwa nimetia maji kwenye mtungi.

Tulikuwa tunaishi Sigowet, chumba kimoja cha mabati nyuma ya kituo cha maziwa. Kitanda, meza, jiko la makaa, na mitungi imegeuzwa kichwa chini mlangoni ikikauka. Harufu ya maziwa ilikuwa imeingia mpaka kwenye mto wa kulalia. Ukuta wa upande wa kushoto ulikuwa mbao tu, na nyuma ya mbao aliishi Mama Atieno, ambaye mumewe alikuwa fundi wa boila kwenye kiwanda cha chai. Waluo, watu wa upande wa ziwa. Hakuna siri iliyopita ule ukuta bila kupita pande zote mbili. Tulijua wanapokosana, walijua tunapokosa unga. Mama Atieno alikuwa anakaanga omena, dagaa wa ziwani, na nyanya nyingi, na harufu ilikuwa inakuja kwetu kama mgeni asiyebisha hodi. Mke wangu Chebet aliipenda. Mara kwa mara sahani ilikuwa inaletwa imefunikwa na sahani nyingine, na Chebet anairudisha ikiwa na kitu chetu ndani, viazi au mursik kidogo kwenye kikombe, yale maziwa yetu ya kuganda kwenye kibuyu kilichopakwa makaa, maana sahani hairudi tupu. Mama yangu akija kututembelea alikuwa anaiangalia hiyo sahani kama mtu anayeangalia nyoka akivuka barabara.

Mtoto wetu wa kwanza alizaliwa katika chumba hicho mwanzoni mwa mvua ndefu. Chupa ya Chebet ilipasuka akiwa anachuna chai, mchana, na kwa sababu uchungu haukuwa umeanza tuliona hakuna haraka. Akalala, akaamka, uchungu ukaja kesho yake mvua ikiwa imekata njia, na pikipiki yangu haikuweza hata kutoka kwa lango. Mama yangu alikuwepo, lakini alibaki akichochea moto wa maji. Aliyempokea mtoto ni Mama Atieno. Nilikuwa nje chini ya kipenu, nikamsikia akisema mtoto ni mzuri, ni mzuri sana, ana mabega ya mwanajeshi. Alisema tu hivyo, basi. Kwetu sisi Wakipsigis mtu akimsifu mtoto mchanga anamtemea mate kidogo, unyevu tu wa kuonekana, ili ile sifa isimgeukie mtoto. Yeye hakutema. Wakati huo hata mimi sikuwaza sana, nilikuwa na furaha ya kijinga. Kesho yake mtoto akakataa titi. Akaanza kuguna kila anapotoa pumzi, kama mtu anayeinua mzigo, na ngozi ikawa moto mpaka shuka inapata moto. Kabla hatujafika kwa zahanati alikuwa ameshatulia ndani ya blanketi. Chebet ndiye aliyejua kwanza. Hakupiga kelele, alinigusa tu mgongoni nikiwa bado naendesha, nikasimamisha pikipiki katikati ya barabara.

Jina alikuwa amepewa. Sitaliandika hapa.

Kuanzia hapo nikawa mpelelezi. Nilishuku maji ya kisima nikaanza kuchemsha hata ya kunawa. Nilishuku wembe uliokata kitovu, nikaulizia ulinunuliwa duka gani. Nilishuku dawa ya kunyunyizia chai aliyokuwa anapita karibu nayo Chebet. Nilimshuku Chebet mwenyewe, na hiyo niliificha vibaya, kwa sababu mtu akimuuliza mkewe kila jioni amepita wapi, swali hilo lina maana moja tu. Lakini zaidi ya wote nilishuku macho ya nyuma ya ukuta. Mama yangu ndiye aliyelisema waziwazi, akiwa ameketi kwenye mtungi ulioinamishwa, akisaga ugoro kwa kidole: yule mwanamke alimsifu mtoto na mdomo mkavu. Basi. Hakurudia, na hakuhitaji. Siku moja nikasikia Mama Atieno akiongea kwa simu, Kijaluo chote sikielewi, halafu katikati nikasikia jina la Chebet, halafu kimya, halafu akapenga kamasi. Leo mtu angesema alikuwa analia. Mimi siku hiyo niliweka sikio kwenye mbao nikaamua anacheka.

Nilimkataza Chebet sahani. Alinijibu bila kuacha kupepeta mahindi kwamba samaki hawakuua mtoto. Basi sahani zikaanza kupita nikiwa kwenye raundi ya maziwa. Nilijua, kwa sababu harufu ya omena haina akili ya kujificha. Mimba ya pili ilikuwa imeshaingia. Chebet hakuitangaza. Alianza tu kukataa chai ya rangi, na mama yangu akahesabu kwa vidole, na Mama Atieno upande wa pili akaacha kupiga redio asubuhi. Kila mtu alijua na hakuna aliyesema. Nyumba ile ilikuwa imejaa watu wanaotembea kwa vidole vya miguu.

Hapa lazima nieleze kazi, maana bila kazi huwezi kuelewa nilichofanya baadaye. Ukileta maziwa kituoni, karani anachovya kikombe chenye mpini mrefu, anatoa kidogo, anachanganya na spiriti kwenye kijichupa, anatikisa. Yakiganda, mtungi wako umekataliwa, na yaliyokataliwa yanamwagwa mbele yako kwenye mtaro. Ng'ombe mmoja mwenye kiwele kibaya anaweza kukuharibia mtungi wa majirani wote. Sasa nilipoanza kazi, karani mmoja alikuwa na tabia ya kuchukua sampuli akaingia nayo ndani, akafunga mlango, akatoka akitikisa kichwa. Maziwa yangu yakamwagwa mara mbili. Mara ya tatu nilimfuata ndani, na nikakuta mezani vijichupa vya watu watatu havina alama yoyote, hata yeye hajui kipi ni cha nani. Tangu siku hiyo nina sheria: sampuli yangu haitembei peke yake. Popote inapoenda, macho yangu yanaenda nayo. Sheria hiyo ndiyo imenijenga. Wenzangu wa wakati ule waliokuwa na vyeti vya shule wako wapi? Wananiuzia maziwa.

Siku ya uchungu wa pili ilikuwa asubuhi ya jua. Chupa ilipasuka Chebet akiwa anafagia, na safari hii hakuna aliyesema tungoje. Niliazima pikapu ya kituo, mama yangu akaketi mbele na shali yake na kibuyu cha mursik, Chebet akawa katikati. Nilipoanza kuondoka nikaona kwenye kioo Mama Atieno amepanda nyuma, na thamosi, na leso mbili, amekaa kwenye gurudumu la akiba kana kwamba amealikwa. Mama yangu aliniangalia. Nilikanyaga mafuta tu, kwa sababu Chebet alikuwa ameshika mkono wangu na gia pamoja.

Hospitali ilikuwa mojawapo ya zile za Kericho, jina naliacha. Wodi ya wazazi ilikuwa chumba kirefu chenye mapazia ya kijani, harufu ya Jik ya kupigia deki, na madirisha yanayotazama mashamba ya chai mpaka macho yanachoka. Alikuja muuguzi mwenye mkono ule mrefu. Beji ilisema Akinyi. Akamsalimia Chebet, akamsalimia mama yangu, akanisalimia mimi kama mzee, kisha akamwona Mama Atieno na thamosi yake, na hao wawili wakaanza Kijaluo palepale, haraka haraka, wakitikisana mikono. Mwaka mzima nilikuwa natafuta uzi, na sasa nikauona umefungwa fundo mbele yangu: anayetoka nyuma ya ukuta wangu na anayemshika mke wangu ni watu wa mji mmoja.

Halafu akatoa kijiti. Kilikuwa ndani ya karatasi ya nailoni, kirefu kuliko kidole, kina pamba mbele. Alimweleza Chebet, si mimi, kwamba hospitali imeanza kuwapima kina mama wakiwa kwenye uchungu, kuna kijidudu kinachokaa chini huko, mbele na nyuma, hakimsumbui mama mwenyewe hata kidogo lakini mtoto akipita njiani anaweza kukipata, na kikimpata kinaweza kumuua kwa siku moja au mbili. Anapitisha pamba tu, haiumi, na mashine ndiyo inasema kama kipo au hakipo. Kama kipo, mama anapewa dawa kwenye mshipa kabla mtoto hajatoka. Alisema Chebet anaweza kukubali au kukataa, na akikataa atahudumiwa vilevile.

Mama yangu akaniambia kwa Kikipsigis kwamba kitu cha ndani ya mwili hakitolewi na mtu usiyemjua kikapelekwa mahali usipopajua. Nilikuwa nimeshawaza hilo. Nikamuuliza Sista kwa nini mke wangu. Akasema wote wanaulizwa. Nikauliza hicho kijiti kikitoka hapa kinalala wapi. Akasema hakilali, kikishapimwa kinachomwa. Nikauliza nani anajua kama ni hicho kilichochomwa. Akaanza kunijibu, lakini Chebet, ambaye uchungu ulikuwa umemwachilia kidogo, akasema ndiyo. Alisema akimwangalia Sista, na pazia likavutwa mbele ya uso wangu.

Nilimfuata. Nilimwacha mke wangu kwenye uchungu nikafuata pamba, na kama wewe si mtu wa maziwa utaniona mwendawazimu. Sista alitembea na kijiti ndani ya kijichupa, mimi hatua mbili nyuma, kofia mkononi, tukapita dirisha la dawa, tukapita foleni ya watoto wa chanjo, mpaka mlango wa maabara. Hapo akageuka akaniuliza kama nimepotea. Nikamwambia sijapotea, niko na sampuli yangu. Nadhani alikuwa amechoka sana kubishana. Alinionyesha jina la Chebet limeandikwa kwenye kijichupa, akaniambia nisimame pale mlangoni, nisiguse kitu na nisipige chafya. Mashine yenyewe ilikuwa ndogo kama redio ya mezani. Nikasimama. Kijana wa maabara alikuwa anakula mandazi upande wa pili wa kioo, na kila akigeuka ananikuta bado nimesimama, mpaka akaanza kula kwa aibu. Haukupita muda wa kuchemsha maharagwe, Sista akarudi, akaangalia kioo cha mashine.

"Kipo," akasema.

Sikiliza jinsi akili yangu ilivyofanya kazi, kwa sababu ilifanya kwa haki. Mahali pangu pa kazi, kipimo kikisema kipo, hakuna mazungumzo. Kinachofuata ni mtaro. Nilivyoelewa mimi, mke wangu alikuwa amekataliwa. Ama watamfukuza, ama watamkata tumbo, ama mtoto ataandikiwa kifo kabla hajazaliwa ili wakishamchukua tusiulize. Nilirudi wodini karibu nikikimbia, nikamwambia mama yangu afunge shali, nikamwambia Chebet ainuke, tunaenda hospitali ya Longisa, huko tuna watu wetu. Nikashika leso. Mama Atieno alikuwa anampangusa Chebet shingoni, nikaiondoa mikono yake, sikuisukuma, niliiondoa. Sista akaja nyuma yangu. Ndipo nilipomuuliza lile swali nililokuwa nimelificha mwaka mzima, na nililiuliza mbele ya kila kitanda: hicho kijidudu kimeletwa na mwanamume gani?

Wodi ilinyamaza. Hata mama mmoja aliyekuwa akiugulia kitanda cha mwisho aliahirisha.

Sista hakupandisha sauti. Alisema hakiletwi na mwanamume, ni cha tumboni, wanawake wengi wanacho, wazuri na wacha Mungu, leo kipo na mwezi ujao hakipo, pengine hata mimi mwanamume ninacho. Nilimwambia maneno hayo ni ya kufunika. Akaniuliza nafanya kazi gani. Nikamwambia maziwa. Akafikiri kidogo, akaniuliza kama ng'ombe wangu akipata ugonjwa wa kiwele huwa namchinja.

"Namchoma sindano," nikasema.

"Basi. Kinachopatikana kwa viwele vya ng'ombe wengi ni hiki hiki, jina moja. Wewe unatibu ng'ombe, mimi nisitibu mama?"

"Na maziwa ya siku za sindano? Sisi tunamwaga."

"Yake hayamwagwi, mzee. Mtoto atanyonya. Toka kwenye njia."

Nakiri kwamba lile jibu lilinikamata mahali ambapo hakuna mhubiri amewahi kunikamata, lakini sikutoka kwenye njia. Nilikuwa bado na leso mkononi. Niliona ni ujanja, amenisoma, amejua anisemeshe ng'ombe. Nikamwambia Chebet tena ainuke. Uchungu ulikuwa umempanda, akaufuata mpaka mwisho wake, macho amefunga, kisha akayafungua na kuniangalia, na sijawahi kuangaliwa vile na mtu anayenidai wala anayenichukia.

"Langat," akasema, "yule mwingine tulimngojea nyumbani. Huyu siendi naye popote. Wewe ukitaka, enda Longisa."

Mama yangu alifungua shali yake, akaketi. Sista alikuwa ameshashika mkono wa Chebet akitafuta mshipa.

Nilibaki, lakini nilibaki kwa masharti yangu. Niliomba kuona chupa ya dawa. Akanipa iliyokwisha. Nilisoma herufi moja moja mpaka nikafika mwisho, sikuelewa, nikainusa. Haikunuka kitu. Nikamwambia kitu kisichonuka ndicho hatari. Akanijibu kwamba basi nikae hapo niilinde dripu, nikiona imesimama nimwite, na mimi nikaweka kiti chini ya ile chupa, nikaangalia matone yakidondoka kama karani wa mizani. Mchana ulienda hivyo. Mama yangu akanimiminia mursik kwenye kikombe, ya makaa, nzito, iliyoshiba kibuyu. Mama Atieno bila neno akanimiminia uji wa wimbi wenye ndimu. Vikombe viwili vikakaa mbele yangu dirishani, na kila mwenye kikombe anaangalia chai huko nje kana kwamba hajali. Nilijua nikinywa kimoja nimepiga kura. Sikunywa chochote, na njaa ile naikumbuka kuliko njaa nyingine zote nilizowahi kuwa nazo, na nimekuwa nazo. Sista akaja akaongeza dawa mara ya pili, akakuta vikombe, akauliza ni vya nani. Akaondoka na uji.

Jua lilipoanza kuingia upande ule mwingine wakanitoa nje. Nikasikia kilio nikiwa kwenye veranda, kilio cha hasira kabisa, na mama yangu akatoka akasema ni msichana, kisha akaketi kwenye ngazi akavua viatu vyake, sijui kwa nini.

Lakini kuzaliwa hakukunitosha. Hata yule wa kwanza alizaliwa. Kesho yake ndiyo ilikuwa adui yangu. Tuliambiwa tukae wodini mtoto aangaliwe, na mimi asubuhi nilikuwa mlangoni kabla ya mfagiaji. Nilimkuta amelala. Kulala kwake hakukunipendeza. Niliinamisha sikio kusikiliza kama anaguna; hakuwa anaguna; nikashuku ule ukimya, nikamgusa unyayo kwa kucha. Akalia. Nikaridhika. Akalala tena, nikangoja kidogo, nikamgusa tena. Chebet alikuwa ananitazama kutoka kwenye mto. Aliniambia mtoto akikosa usingizi nitamnyonyesha mimi. Sista Akinyi alipopita na kipimo cha joto nilisimama, nikavua kofia, na nikamuuliza kwa sauti ya chini, maana hili sikutaka kitanda kingine kisikie, kama yule wetu wa kwanza, aliyeguna na kupata moto siku ya pili, aliuawa na hiki kitu. Aliniuliza chupa ilipasuka lini na mtoto alitoka lini. Nilimweleza. Akatikisa kipimo.

"Inaweza kuwa," akasema. "Lakini siwezi kukudanganya. Hakuna aliyepima."

Nimekuwa mfanyabiashara muda mrefu na nimepokea habari mbaya nyingi, lakini hakuna iliyoniacha mikono mitupu kama hiyo. Mwaka mzima nilikuwa nimebeba majina. Kisima, wembe, dawa ya chai, mke, jirani. Nilitaka mmoja. Nilikuwa tayari hata awe mke wangu, bora awe mtu ninayeweza kumwangalia usoni. Na huyu mwanamke ananipa kitu kisichoonekana, kisicho na nia mbaya, kisichonijua, halafu hata hicho hana hakika nacho. Mpaka leo, nikiona vijana wanaoniletea maziwa wakigombana nani ametia maji, huwa nawaonea wivu kidogo. Angalau wao kuna aliyetia.

Saa ya kutembelea wagonjwa, Mama Atieno akaingia. Alikuwa amepanda gari kutoka Sigowet na thamosi nyingine ya uji, na sweta ya kufuma ya mtoto, ya manjano. Mama yangu akasimama kati yake na kitanda. Walikuwa hawajawahi kusemana ana kwa ana mwaka wote, kila kitu kilipita kwangu au kwa ukuta. Mama yangu akamwambia kwa Kiswahili chake cha shida kwamba kabla hajamwona mtoto, ateme mate. Amtemee mtoto kwenye paji la uso, kidogo. Mama Atieno hakuelewa. Aliangalia kila mmoja wetu. Alisema Sista ametuambia tunawe mikono kabla ya kumgusa, sasa yeye amtemee mtoto mate? Mama yangu akarudia. Akasema, kwa sababu yule mwingine ulimsifu na ukamwacha hivyo.

Niliona likimfikia. Halikufika mara moja, lilipanda polepole kama maziwa kwenye sufuria. Sahani zilizopita tu nikiwa sipo. Mikono yake niliyoiondoa. Viti tulivyosogeza mbali naye. Aliweka thamosi chini.

"Kumbe ni mimi," akasema. "Mwaka wote huu, mlikuwa mnaniwaza mimi."

Hakuna aliyekataa. Mama Atieno alikuwa anageuka kutoka, na nadhani angetoka, na nadhani tusingemwona tena, kama Chebet hangeinuka kwenye mto akiwa na maumivu yake yote, akamchukua mtoto, akamsogeza mama yangu kwa mkono mmoja, akasema, "Nawa, Mama Atieno, halafu umshike. Mkono wangu umechoka."

Mama Atieno alienda kwenye sinki. Alinawa mpaka viwiko, na sabuni, polepole, ametugeuzia mgongo, na mabega yake yalikuwa yanasogea kuliko kunawa kunavyohitaji. Akajipangusa. Akarudi akampokea mtoto, akamweka kwenye kona ya mkono, akainamisha kichwa kumwangalia. Hakumsifu. Nafikiri aliogopa. Mama yangu alikuwa ameshika shali yake mdomoni. Mimi nilisogea karibu kabisa, kwa sababu mimi ndiye mimi, na sikumwangalia mtoto. Niliangalia macho ya yule mwanamke. Nilikuwa nimeyaogopa mwaka mzima kupitia mbao, na sikuwa nimewahi kuyaangalia kwa ukaribu huo, kwa hiyo niliyachunguza vizuri, bila haraka, jinsi ninavyochunguza kitu ninachotaka kukikataa. Yalikuwa mekundu, na chini yake kumevimba. Yalikuwa macho ya mtu aliyeamka mapema kupika uji.